Doctor Who na Historia: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Itaje Doctor Who, tamthilia ya BBC iliyoanza Novemba 23, 1963, na wengi watakumbuka Daleki, yale madude ya chuma yenye sauti ya kukwaruza, na kibanda cha bluu cha polisi kinachohama karne moja hadi nyingine. Upande wake wa historia umesahaulika, na mengi yanayosemwa juu yake ni ya kusikia tu.

"Historia ilikuwa pambo." Sivyo ilivyopangwa. Sydney Newman, Mkanada aliyeongoza idara ya tamthilia pale BBC, alitaka watoto wafundishwe huku wakiburudika. Ndiyo maana wasafiri wawili wa kwanza wanaojikuta ndani ya kibanda cha Daktari, mhusika mkuu anayesafiri katika wakati, ni walimu: Barbara Wright wa historia na Ian Chesterton wa sayansi. Newman hakutaka kabisa viumbe vya kutisha. Mtayarishaji Verity Lambert akawapitisha Daleki hivyo hivyo mwezi Desemba, wakapendwa kupita kiasi, na tangu hapo kila mtu akawa anadai Daleki.

"Kanuni yake ni kwamba historia haibadiliki." Kanuni hiyo ina nguvu kwenye The Aztecs ya 1964. Barbara anavaa bangili aliyoikuta kaburini, Waazteki, watu wa kale wa Meksiko, wanamchukulia kuwa kuhani wao Yetaxa amezaliwa upya, naye anaona nafasi ya kukomesha kafara ya binadamu. Daktari anamwonya kwamba hawezi kubadili hata mstari mmoja wa historia. Anakaidi na kupiga marufuku kafara. Yule kijana aliyekuwa achinjwe anaona amevunjiwa heshima, anajirusha mwenyewe kutoka juu ya hekalu, na papo hapo mvua iliyokuwa ikiombwa inanyesha! Wenyeji wana sababu gani tena ya kumsikiliza Barbara? Kwangu mimi hakuna kiumbe wa sayari nyingine aliyewahi kuipa tamthilia hii tukio zito kama hilo.

Lakini mwaka uliofuata waandishi wenyewe walilegeza kamba. Katika The Romans, Daktari ndiye anayempa Nero, mfalme wa Roma, wazo la kuichoma Roma, tena kwa bahati mbaya: miwani yake inaunguza ramani ya mji. (Nero wa kweli, kwa maelezo ya mwanahistoria wa Kirumi Tacitus, alikuwa mji mwingine, Antium, moto ulipoanza mwaka 64.) Miezi michache baadaye, kwenye The Time Meddler, anatokea msafiri mwingine mwenye chombo kama cha Daktari, na nia yake ni kugeuza matokeo ya vita vya Hastings vya 1066, Wanormandi walipoiteka Uingereza. Kama historia ingekuwa haibadiliki, Daktari angehangaika kumzuia kwa lipi?

"Ile posa ya Richard na Salahuddin waliitunga." Hii ndiyo dhana inayonishangaza zaidi. Katika The Crusade ya 1965, Mfalme Richard wa Uingereza, akiwa amechoshwa na Vita vya Msalaba dhidi ya Sultani Salahuddin, anataka kumwoza dada yake Joanna kwa ndugu wa Salahuddin ili amani ipatikane. Joanna anapopata habari anawaka, anamkemea kaka yake mbele ya watu na kumtishia kwa Papa. Mtazamaji anasema hapo chumvi imezidi. Ila pendekezo hilo lilikuwepo kweli mwaka 1191. Limeandikwa na Bahauddin ibn Shaddad, kadhi wa jeshi la Salahuddin, aliyekuwa karibu na mazungumzo yenyewe. Bwana harusi mtarajiwa alikuwa al-Adil, na bibi harusi mjane wa mfalme wa Sicily. Kwa Ibn Shaddad vilevile, bibi huyo alikasirika na kukataa.

"Kanda za vipindi vya zamani vilivyopotea ziliungua moto." BBC yenyewe ilizifuta ili zitumike tena, kwa kuwa kanda zilikuwa ghali, na nakala za filamu za kuuza nje zikatupwa haki za kuzionyesha zilipokwisha. Picha za sehemu zote saba za Marco Polo ya 1964 zilipotea kwa njia hiyo. Sauti imebaki kwa sababu watazamaji waliirekodi majumbani kwao. Afrika imesaidia kidogo: mwaka 2013 ilitangazwa kuwa sehemu tisa za hadithi mbili nyingine zilizokuwa hazipo zimepatikana Jos, Nigeria.

"Jamie Fraser wa Outlander alipewa jina la mwigizaji Frazer Hines." Nusu tu. Diana Gabaldon, mwandishi wa riwaya za Outlander zilizogeuzwa tamthilia ya televisheni, alivutiwa na kijana wa Kiskochi mwenye kilti, Jamie McCrimmon, aliyeigizwa na Hines na kuingia Doctor Who kwenye hadithi ya vita vya Culloden vya 1746 huko Skotilandi, na akachukua jina Jamie. Fraser lilijijia tu: kituo alichotazama kilikata orodha ya waigizaji, hivyo hakujua Jamie yule anaigizwa na nani. Hines mwenyewe alikuja kuigiza kwenye Outlander mwaka 2015, akiwa Sir Fletcher Gordon, mkuu wa gereza la Wentworth.