Jini ni nini kwa jirani yako Mwislamu

Mkristo wa bara akisikia neno "jini", anawaza pepo mchafu papo hapo. Mwislamu wa Tanga, Mombasa au Unguja hawazi hivyo. Kwake jini ni kiumbe wa Mwenyezi Mungu, aliyeumbwa kwa moto kabla mtu hajaumbwa kwa udongo. Kurani ina sura nzima yenye jina hilo, ya 72, na humo majini wanasikiliza kisomo, wanaamini, tena wanakiri kwamba miongoni mwao wamo wema na wasio wema. Majini watahukumiwa kama sisi. Mwovu ni yule aliyeasi, naye huyo ndiye shetani.

Pwani imani hiyo imechanganyika na mambo ya wenyeji: mibuyu, mapango, mizimu. Ndiyo maana pepo, kama majini hao wanavyoitwa huku, wana makabila yao. Ruhani ni wa Kiarabu, mcha Mungu, anataka udi, marashi na usafi. Kibuki wa Unguja husemwa katoka Bukini, yaani Madagaska, ni Mkristo, na hudai brandi. Aliyepandwa huitwa kiti cha pepo. Mganga haanzi kwa kufukuza. Humwuliza pepo jina lake na anachokitaka, kisha wanapatana.

Kuna pia kombe. Mwalimu huchovya kalamu katika zafarani, akaandika aya za Kurani juu ya sahani nyeupe, akaisuuza kwa maji ya marashi, na mgonjwa akayanywa yale maji ya manjano. Mama anayeipokea sahani ile kwa mikono miwili haoni uchawi hapo; anaona anakunywa maneno ya Mungu. Masheikh wengi huziita ngoma za pepo shirki, yaani kumshirikisha Mungu na kingine, na wapo wanaokataa hata hirizi na kombe, wakabaki na kumsomea mgonjwa tu. Mjadala huo uko misikitini siku zote, hata mwinjilisti asipofika.

Sasa huduma ya Kikristo inaguswaje? Tazama Wagiriama wa pwani ya Kenya. Mtu huugua, akaambiwa amepandwa na pepo wa Kiislamu asiyetaka tembo la mnazi wala nyama isiyochinjwa kihalali. Ili apone, anasilimu. Mtu wa namna hii hakuingia dini kwa hoja, kwa hiyo kumtolea hoja za Utatu mchana kutwa ni kumjibu swali ambalo hakuliuliza. Alichotafuta ni kulala usiku bila kukabwa.

Jambo linaloniuma zaidi ni vipaza sauti. Mhubiri anakemea "majini ya Kiislamu", umati unapiga kelele, na nyumba ya pili yuko bibi aliyeamka alfajiri kusoma Suratul Falaki na Suratun Nasi, sura mbili za mwisho za Kurani, amwombe Mungu amkinge na shari hizo hizo. Anachosikia ni kwamba sala yake ndiyo pepo. Baada ya hapo mlango wake haufunguki, na ana haki. Tusisahau pia kwamba "jini mahaba" leo hutajwa makanisani sawasawa na kwa waganga. Hofu hii tunayo wote.

Ningependa mchungaji aanze kwa kukaa mkekani na kuuliza: ulipewa nini, uliahidi nini, unadaiwa nini? Deni ndilo linalowatesa wengi. Pepo aliyepatana na mganga hurudi kudai: ngoma nyingine, kitambaa kingine, mbuzi mwingine. Katika Marko 5, Yesu naye anamwuliza pepo aliyempanda mtu, "Jina lako nani?", swali lile lile la mganga kilingeni. Ila haweki patano lolote juu ya mgonjwa. Anaamuru pepo watoke, na watu wa mji wanamkuta yule mtu ameketi, amevaa nguo, ana akili zake. Kisha anamwambia aende nyumbani kwa watu wake. Hadaiwi hata kuku.