"Nalibeba": Mbunge wako analibeba kulipeleka wapi?

Mkoa wa Iringa hauna njaa. Mahindi, viazi na parachichi vinashuka kila siku kwa malori kwenda kulisha watu wa mbali. Lakini utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 56.9 ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Njombe ilikuwa asilimia 50.4 na Rukwa 49.8, wakati wastani wa taifa ulikuwa 30. Kwa hali hiyo, sijamsikia mbunge wa huku kwetu akisimama jukwaani kusema lishe haimhusu. Wote wanasema inawauma. Kazi ya mpiga kura ni kujua uchungu huo umeandikwa wapi.

Kwenye mkutano mmoja wa hadhara wilayani Kilolo, mama mmoja alisimama, mtoto mgongoni, akanyoosha kadi ya kliniki. Mstari wa uzito ulikuwa umeshuka kutoka kwenye kijani hadi kwenye kijivu. Akauliza ni lini shule ya kijiji itaanza kuwapa watoto uji. Mbunge akamjibu: "Mama, nimelipokea, nalibeba." Makofi yakapigwa, akaitwa muulizaji mwingine.

Analibeba kulipeleka wapi? Mbunge hana fedha za serikali mfukoni. Ibara ya 99 ya Katiba hairuhusu Bunge kushughulikia matumizi mapya ya fedha za umma mpaka Rais apendekeze kupitia kwa waziri. Kwa hiyo anayeahidi "nitaleta fedha" anaahidi kisicho chake. Alichonacho ni mdomo na kura: kumhoji waziri, kuibana bajeti kati ya Aprili na Juni, kukubali au kukataa. Hayo yote yanaandikwa kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, na inapatikana bure kwenye tovuti ya Bunge. Tafuta jina lake, kisha neno "lishe". Angalia pia anauliza namna gani. Anayeishia "Serikali ina mpango gani" anapewa mpango. Anayeuliza shule ngapi, kwa bajeti ya mwaka upi, na akitumia swali la nyongeza kurudi palepale, huyo msimamo wake unashikika.

Watu wengi wanaangalia Dodoma tu, na hapo ndipo tunapopotea. Mbunge wa jimbo ni mjumbe wa baraza la madiwani pia. Humo ndimo kunakohojiwa ile shilingi 1,000 ambayo halmashauri inatakiwa kutenga kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe. Kikao ni cha wazi. Nenda ukae, usikilize kama alikuja na kama alisema lolote.

Uko pia Mfuko wa Jimbo, fedha za kuchochea maendeleo ya jimbo zilizowekwa kwa sheria ya mwaka 2009, ambao kamati yake inaongozwa na mbunge mwenyewe. Hapo hawezi kumsingizia waziri.

Baada ya mkutano nilimkuta yule mama akiikunja kadi kwenye ncha ya kitenge. Tuliandika pamoja swali moja la kumpa diwani wake: katika ile shilingi 1,000 ya kila mtoto, ni kiasi gani kimeshatolewa hadi robo hii, na mbunge alisema nini kikaoni?