Barua yako haijapotea, imekosa faili

Watu wengi wakiandika barua kwenda ofisi ya serikali wanamuwazia bosi, yaani Mkurugenzi kakaa kwenye kiti anasoma mstari kwa mstari, kumbe wa kwanza kuifungua ni mimi. Sisi watu wa masjala, yaani chumba cha kupokea barua na kutunza mafaili, ndo tunachana bahasha, tunagonga muhuri wa kupokelewa, tunaandika kwenye rejista alafu tunaitafutia faili. Bosi hapelekewi karatasi inayoelea, anapelekewa faili na barua yako imefungwa humo ndani juu ya zile zilizotangulia, ili akisoma aone jambo lilipotoka. Sasa kama mimi nimeshindwa kujua barua yako ni ya faili gani, safari yake inaishia hapo, na wewe huko mtaani unasema wale barua zetu wanafungia maandazi.

Kuna mama alikuja dirishani kwetu mara ya nne, kakunja uso, anafuatilia kiwanja cha marehemu mume wake. Nikamuomba kopi ya barua aliyoileta, hana. Tarehe aliyoileta, hakumbuki, "ilikuwa kabla ya mfungo mwanangu". Basi tukaanza kufukua, tukaikuta kwenye faili la mambo mchanganyiko, kichwa chake YAH: MAOMBI. Basi, imeishia hapo. Maombi ya nini? Ukiingia ndani aya ya kwanza ni salamu, ya pili ni pole na majukumu ya kulijenga taifa, ya tatu inaeleza marehemu alivyougua mpaka akafariki, kiwanja kinakuja kutajwa nyuma ya karatasi na namba ya kiwanja haipo kabisa. Aliyeipokea siku hiyo hakuwa na roho mbaya, alikuwa na rundo la barua mezani na hii haikumwambia iende wapi.

Tukakaa naye kwenye benchi tukaandika upya. Kichwa kikawa hivi: YAH: KUBADILI JINA LA MMILIKI, KIWANJA NA. 214 KITALU C, KUTOKA KWA MAREHEMU MUME WANGU KUJA KWANGU. (Namba nimeibadilisha hapa.) Ni kirefu, najua, mwalimu wako wa sekondari angekukata maksi, ila mimi nikikiona tu mkono unaenda kwenye kabati moja kwa moja. Chini yake sentensi tatu: mimi ni nani na nimeteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi, naomba nini, nimeambatanisha nini. Ile habari ya ugonjwa tukaitoa, mama mwanzoni hakufurahi, nikamwambia hiyo tutaongea hapa hapa kwenye benchi.

Na hili la "husika na kichwa cha habari hapo juu" watu wananiuliza sana kama ni lazima. Sio lazima. Sio kosa pia, ni mazoea yetu, ila kama kichwa chenyewe ni "maombi" basi unanihusisha na kitu ambacho hakipo.

Kitu kingine ambacho huku nje hakielezwi ni ile Kumb. Na., yaani kumbukumbu namba, inayokaa juu ya barua ya ofisi. Watu wanaiona kama urembo. Zile herufi na namba za mwanzo zinataja ofisi na aina ya jambo, zinazofuata ndo faili lenyewe, na ile namba ya mwisho kabisa ni folio, yaani barua hiyo ni ya ngapi ndani ya faili hilo. Kwahiyo ukijibiwa barua na wewe ukataka kuandika tena, anza tu "Rejea barua yenu yenye Kumb. Na. kadha wa kadha ya tarehe fulani", inakili yote mpaka ile namba ya mwisho kabisa, usiruke hata nukta. Hapo umenitajia kabati, faili na karatasi, sina tena pa kujifichia.

Anuani andika cheo, usiandike jina la mtu. Ukiandika jina, masjala tunaihesabu ni barua yake binafsi na hatuifungui, anapelekewa ilivyo, na akiwa amehamishwa au yupo likizo itamsubiri au itamfuata huko aliko. Cheo hakihami. Alafu kuna wajanja wanaandika SIRI kwa wino mwekundu juu ya bahasha wakidhani itawahi! Barua yenye neno hilo sisi wa masjala ya wazi hatuigusi, inakwenda masjala ya siri ambako wapo wachache, kwahiyo ombi lako la kibali cha kufungua genge limeenda kukaa na mambo mazito ya watu.

Kama wewe ni mtumishi, tuseme mwalimu, unaandika kwenda kwa Mkurugenzi wa halmashauri, barua yako ipite kwa mkuu wako wa shule, unaandika pale "Kupitia kwa" na yeye anaweka maoni yake na sahihi. Ukimruka itarudishwa kwake tu, na sasa ameshakasirika.

Lugha: Kiswahili kinatosha. Hapa Tanzania ni lugha ya shughuli za serikali tangu 1967, lakini bado naona watu wanalipa steshenari waandikiwe Kiingereza kizito ambacho wenyewe hawawezi kukielezea wakiulizwa. Hata matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanakuruhusu barua ya maombi iwe ya Kiswahili au Kiingereza, wanachokazania ni iwe na sahihi na ielekezwe kwa Katibu. Sahihi hiyo ndo inawaponza wengi, mtu kachapa vizuri kila kitu akasahau kuisaini, au kasaini akasahau namba ya simu. Weka simu jamani.

Haya, imeili. Huko ni vilevile, masjala ipo, ni mtu anayefungua sanduku la ofisi asubuhi na kukuta mistari mingi isiyosomwa, na kichwa cha imeili ndo YAH yako. Watu wanaacha wazi. Ndani nako pia wazi, kuna picha nne tu zinaitwa IMG na WA mbele, yaani zimetoka WhatsApp, moja imelala ubavu, nyingine ina kidole gumba na kitenge cha meza. Mimi nitajuaje hicho ni cheti cha nani? Skani iwe PDF moja, lipe jina kama Barua-Kiwanja-214-Kitalu-C, kisha andika mistari miwili mitatu kwenye imeili yenyewe kusema umetuma nini. Na usitume "Habari" ukasubiri uitikiwe ndo uendelee, hii sio chatting, salamu na shida vije pamoja.

Hapo kwenye CC nako taratibu. Kazi yake ni ile ile ya Nakala kwenye barua, jina lenyewe limetokana na karatasi ya kaboni ya enzi za taipu, maana yake huyu anapewa taarifa tu, hatakiwi kujibu. Ukimuweka Mkurugenzi, Mkuu wa Wilaya na Waziri kwa pamoja kwenye jambo la bomba la maji kupasuka, kila mmoja atadhani mwenzie analishughulikia.

Ukileta barua kwa mkono, njoo na nakala mbili. Moja tunabaki nayo, nyingine tunakugongea muhuri wenye tarehe unarudi nayo nyumbani, haina malipo. Ukija kukumbushia unatoa hiyo karatasi, hatuanzi kuulizana habari za mfungo.

Yule mama safari hii aliondoka na nakala yake ina muhuri. Faili lilipatikana muda huo huo, likapanda kwa bosi kabla ya saa nane mchana, na wiki iliyofuata akapata majibu yenye Kumb. Na. kamili: alete picha mbili za pasipoti.