Ule waya uliotoka ubavuni mwa bloku sio dawa ya trekta kugoma asubuhi

Mzee mmoja wa Cheju, huku Unguja, kanipigia simu, trekta lake Massey Ferguson 135, mtumba wa Uingereza, asubuhi linagoma kuwaka, na ubavuni mwa bloku, kile chuma kikubwa cha injini chenye silinda, limekuja na waya mweusi wenye plagi ya umeme wa nyumbani, sasa kaambiwa akiuchomeka ule waya usiku basi tabu imekwisha. Nikamwambia mzee wangu usichomeke kitu, n'nakuja.

Ile ni hita ya bloku. Kule kwenye barafu oili inakuwa nzito kama asali, betri inapungua nguvu, na injini ya dizeli haina plagi ya cheche, mafuta yanashika moto kwa joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda basi, sasa chuma kikiwa baridi namna ile joto lote linanyonywa na kuta. Ndio wanachomeka usiku maji ya bloku yapate moto, asubuhi inawaka kama imezimwa sasa hivi.

Kuifunga ni hivi. Kwenye bloku kuna vifuniko vya bati vya duara vimeziba matundu yaliyobaki ilipomiminwa kiwandani. Unamwaga maji yote, unagonga ukingo mmoja wa kifuniko mpaka kigeuke ubavu unakivuta kwa koleo, tafadhali kisidumbukie ndani, unasugua mdomo wa tundu mpaka chuma king'are, unaingiza hita na mpira wake, koili isiguse ukuta wa silinda, ndio unakaza. Halafu unajaza maji na kutoa hewa KABLA ya umeme, koili ikiwashwa bila ya maji inaungua. Na volti uangalie, hita za Marekani ni 120, umeme wetu 230, ukichomeka umeiua.

Lakini Unguja hata kipupwe cha Julai asubuhi ni nyuzi 20 na kitu, injini nzima haihitaji hita hapo. Huku kwetu adui ni chumvi.

Nikamwambia mzee apige stata, ikazunguka nyong'onyong'o, wuu... wuu... Nikaweka mita, waya mmoja kwenye nguzo ya betri upande wa ethi, ule unaofungwa kwenye chuma cha trekta, na mwengine kwenye chuma cha bloku, apige tena, ikasoma volti 2! Inatakiwa isizidi nusu volti. Yaani umeme unapotelea njiani, stata inazunguka taratibu, hewa inabanwa polepole, inavujia kwenye ringi za pistoni na joto linakimbilia kwenye kuta, mafuta hayashiki. Mchana injini ikiwa ya moto inawaka hata ikizunguka polepole, ndio maana ilikuwa inagoma asubuhi tu. Kufungua ule waya wa ethi kwenye chuma cha trekta, chini ya boliti kuna unga wa kijani na kutu umefanya gamba kabisa. Nikapiga msasa pande zote mbili, nikatia kichwa kipya cha waya, grisi juu yake, na trekta likawaka mara moja.

Hita nimeitoa vilevile. Mpira wake ulishakauka na kupasuka, na maji yaliyomwagika yalikuwa mekundu kama chai ya rangi, maana wanajaza maji ya kisima cha chumvi miaka yote. Tundu nimeliziba kwa kifuniko cha shaba, sio bati, bati kwa maji yale linaliwa haraka sana. Rejeta nimeisuuza mara tatu, mzee sasa anatia maji ya mvua na kulanti, ile dawa ya rejeta.

Wenye matrekta kama haya naomba sana, msikate waya tu mkaiacha hita humo ndani. Ule mpira siku ukiachia maji trekta litakuwa katikati ya bonde linaburuga, dereva hajui kitu mpaka silinda hedi imeshapinda.