Saratani ya ovari haitokani na "kinga iliyoshuka"
Mgonjwa wa saratani ya ovari huambiwa mara nyingi kwamba ugonjwa umempata kwa sababu kinga yake imeshuka, na kwamba akiipandisha kwa juisi na mitishamba mwili utajitibu. Sivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003, uliochunguza uvimbe wa wagonjwa 186, ulikuta kwamba kwa zaidi ya nusu yao seli T za kinga zilikuwa zimeingia ndani kabisa ya uvimbe, na wagonjwa hao waliishi muda mrefu zaidi. Askari wapo, ila wanazuiwa kupigana.

Chukua CA-125, protini ambayo daktari huipima katika damu ili kufuatilia maradhi haya. Ni sehemu ya molekuli kubwa yenye sukari nyingi, MUC16, inayoifunika seli ya saratani kama utando wa ute, kiasi kwamba seli za kinga zenye kazi ya kuua hushindwa kuishika sawasawa. Maji yanayojaa tumboni nayo hubeba makrofaji, yaani seli za kinga zenye kazi ya kumeza vijidudu, zilizogeuzwa kuulinda uvimbe. Naumia kila ninaposikia mama ameahirisha upasuaji ili kwanza "apandishe kinga".

Hata pembrolizumab, dawa inayoachia PD-1, breki inayozizuia seli T kushambulia, na iliyobadili matibabu ya melanoma (aina ya saratani ya ngozi), ilipojaribiwa peke yake kwa wagonjwa 376 ambao saratani hii iliwarudia, ni asilimia 8 tu waliopungukiwa na uvimbe kwa kiwango kinachohesabika, kwa kuwa breki hiyo ni moja kati ya nyingi.