Mbona daktari wa akili ananiuliza maswali tu, mashine iko wapi?

Swali: Nilienda kwa mtaalamu wa afya ya akili, nikaulizwa maswali mwanzo mwisho. Hicho nacho ni kipimo?

Jibu: Ndio, tena ndo kipimo chenyewe. Mpaka leo hakuna picha ya ubongo wala damu inayoweza kusema huyu ana sonona (depression) na huyu hana, kwa hiyo mtaalamu anategemea mazungumzo, hali anayokuona nayo, na madodoso yaliyofanyiwa utafiti. Mfano PHQ-9, ina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, usingizi, hamu ya kula, kukosa raha na vitu ulivyokuwa unavipenda, kila swali lina 0 mpaka 3, jumla ya juu ni 27. Ukipata 10 au zaidi sio kwamba ushaambiwa unaumwa, ni kwamba inabidi akae na wewe achimbe zaidi.

Halafu swali la 9 linagusa mawazo ya kufa au kujidhuru, na hapo wengi wanaficha. Jamani sema ukweli. Kuulizwa hakumpandikizii mtu hilo wazo, tafiti zimeliangalia hili, na kwa aliyekuwa analibeba peke yake inaweza kuwa nafuu kubwa.

Swali: Sasa MRI na EEG za nini?

Jibu: MRI ni mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, kwenye ubongo inatafuta uvimbe, kiharusi, ubongo kusinyaa. EEG inasoma umeme wa ubongo, daktari Mjerumani Hans Berger aliurekodi kwa binadamu mara ya kwanza 1924, na inasaidia sana kwenye kifafa. Damu nayo inapimwa, maana tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, ikilegea kazi mtu anaweza kuchoka na kunyong'onyea ukadhani ni sonona tu.

Swali: Na zile picha za ubongo zenye rangi?

Jibu: Hizo ni fMRI, na hazionyeshi mawazo. Mashine inafuatilia oksijeni kwenye damu, rangi inawekwa na kompyuta baada ya mahesabu. 2009 watafiti wa Marekani waliingiza samaki aliyekufa kwenye mashine, wakamwonyesha picha za watu, na bila kusahihisha mahesabu vikatokea vidoa kama vile anafikiri! Walitaka wenzao waone hatari ya kupima maelfu ya vijisehemu vya picha kwa mpigo, maana vichache vitaonekana vinafanya kazi kwa bahati tu.

Swali: Mama kapimwa kumbukumbu kapata maksi chache, ndo ugonjwa wa kusahau?

Jibu: Sio lazima. MMSE, kipimo cha kumbukumbu na kufikiri cha 1975, ina maksi 30, na ndani yake kuna kutoa 7 kutoka 100 mfululizo, kuandika sentensi, kunakili mchoro, sasa mtu ambaye hakusoma shule anapoteza maksi hata kama kumbukumbu yake iko vizuri kabisa. Mwambie mpimaji mama kasoma mpaka wapi na lugha gani anaielewa zaidi, abebe miwani yake na dawa zote anazotumia, na aende na mtu anayeishi naye, maana huyo ndo ataeleza kama mabadiliko yameanza juzi au miaka imepita.