Seti ya amri ni nini, na leseni yake inamhusu nani?

Seti ya amri ni orodha ya kazi ndogondogo ambazo prosesa inaweza kuamriwa kuzifanya, kama vile kujumlisha namba mbili au kuchukua thamani kutoka kwenye kumbukumbu, pamoja na kanuni za namna kila amri inavyoandikwa kwa 0 na 1. Ni makubaliano kati ya anayeunda chipu na anayeandika programu, na makubaliano hayo yanaweza kuwa na mwenyewe.

Kampuni ya Arm, iliyoanzishwa Cambridge mwaka 1990, ilijenga biashara yake kwa kuuza leseni: kiwanda kinalipia haki ya kutumia seti ya amri na michoro ya Arm, kisha kinalipa mrabaha kwa chipu zinazouzwa. RISC-V, iliyoanza mwaka 2010 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ni seti ya amri iliyo wazi, na mtu yeyote anaweza kuunda prosesa inayoifuata bila kulipia haki hiyo.

Hapo ndipo wapenzi wengi wa elektroniki huingiwa na hofu isiyo na msingi, kwamba nao watadaiwa leseni. Anayenunua Raspberry Pi Pico, ubao uliotoka mwaka 2021 kwa dola 4 ukiwa na viini viwili (sehemu za prosesa zinazotekeleza amri) vya Arm, hadaiwi leseni na Arm hata kama ataweka ubao huo ndani ya kifaa na kukiuza, kwa kuwa suala hilo lilikwisha kati ya Arm na aliyetengeneza chipu. Leseni ya seti ya amri inamgusa anayeunda prosesa yenyewe. Mwenye chipu ya FPGA, ambayo saketi zake hupangwa upya kwa programu, anaweza kupakia humo PicoRV32, kiini cha RISC-V chenye leseni huria ya ISC, akakibadilisha apendavyo. Kiini cha Arm hawezi kukifanyia hivyo bila idhini.

Tena, seti ya amri kuwa wazi hakuifanyi chipu nzima kuwa wazi. Chipu ya ESP32-C3 hutumia RISC-V, lakini sehemu ya programu inayoendesha Wi-Fi yake hutolewa ikiwa imekwisha kugeuzwa kuwa 0 na 1, kwa hiyo msimbo wake, yaani maandishi ya mwandishi wa programu, hausomeki. Chipu ya RP2350 ya mwaka 2024, ya Raspberry Pi, imebeba viini viwili vya Arm na viwili vya RISC-V viitwavyo Hazard3, ambavyo michoro yake imechapishwa kwa leseni ya Apache 2.0; ukipakia programu iliyoandaliwa kwa RISC-V, chipu hujiwasha upande huo. Kwa anayetaka kuzilinganisha seti hizi mbili kwa mkono wake, sioni njia nyepesi kuliko hiyo.

Leseni inayombana mpenzi wa elektroniki kwa kweli ni ya programu, hasa siku anapoanza kuuza alichokitengeneza. Maktaba, yaani msimbo ulioandikwa na wengine ili utumiwe tena, ikiwa na leseni ya GPL humtaka ampe mnunuzi msimbo wa programu nzima iliyounganishwa nayo, ilhali leseni ya LGPL, inayotumika katika maktaba za msingi za Arduino (bao za elektroniki zinazopendwa na wanaojifunza), humtaka ampe mnunuzi uwezo wa kubadilisha maktaba hiyo. Wapo pia watengenezaji wa chipu wanaoruhusu msimbo wao utumike kwenye chipu zao tu, na sharti hilo huwa limeandikwa katika mistari ya mwanzo ya faili, ambayo wengi huipita bila kuisoma.

Kwa anayeanza kujifunza, bado ningependekeza chipu ya ATmega328P, ingawa seti yake ya amri, AVR, ni mali ya kampuni na kumbukumbu yake ya kazi ni KB 2 tu. Inafanya kazi kwa volti 5, na katika Arduino Uno yenye soketi chipu hiyo ya miguu 28 hubanduliwa taratibu kwa bisibisi bapa, hivyo ikiungua kwa waya uliochomekwa vibaya, hununuliwa chipu peke yake na ubao unabaki.